Breki ya nyuma inang'ata na kuachia, pikipiki inavuta kushoto: ni ugonjwa mmoja au miwili?

Karoti wa Soni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaimaliza hela ya karoti kwenye duka la spea.

Nina Boxer 150, nimeinunua mpya mwaka 2019, sijawahi kumpa mtu kwa mkataba. Kazi yake ni moja tu: matenga ya karoti na kabichi kutoka Soni, huku milimani Lushoto, kushuka Mombo alfajiri, halafu napanda mtupu au na abiria. Anayeijua barabara ile anaijua. Mwamba upande huu, korongo upande ule, kona inazaa kona, na ukungu ukilowesha lami unakanyaga breki huku unasali.

Wiki tatu zilizopita niliingia shimo na matenga mawili nyuma. Spoku tatu zikakatika, zote upande wa spoketi, yaani kushoto kwenye cheni. Nikasukuma mpaka kijiweni. Fundi akaweka mpya, akazungusha gurudumu, akafumba jicho moja, akakaza hapa, akakaza pale, akasema "tayari mzee". Haikufika nusu saa. Nikalipa, nikamshukuru, nikaondoka.

Tangu siku hiyo nina mambo mawili. La kwanza, nikikanyaga breki ya nyuma taratibu, pedeli inausukuma mguu juu, inauachia, inausukuma tena. Ni kama umemkanyaga mnyama aliyelala, unamsikia anavyopumua. Kwenye mwendo inakuwa mtetemo tu, lakini nikikaribia kusimama naisikia moja moja: inang'ata, inaachia, inang'ata. Juzi nilimpakia binti yangu kumpeleka shule, akaniuliza kama najifunza kuendesha.

La pili, nikilegeza mikono kwenye usukani (najua, msinifokee) inaelea kushoto. Si kwa nguvu, lakini haikuwa hivyo.

Nimeshabadilisha breki shu mara mbili, za elfu sita na za elfu tisa. Hakuna tofauti. Cheni nimekaza. Alama za ajasta (zile za kukazia cheni) kwenye swingamu, mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, zinalingana kushoto na kulia, nimehesabu mara tatu kwa tochi. Fundi yule yule anasema ngoma ya breki (chuma cha duara ambacho shu zinakibana) imeliwa, ninunue habu mpya, yaani kitovu kizima cha gurudumu. Wa pili anasema ni alaimenti, magurudumu hayako kwenye mstari mmoja. Wa tatu anasema swingamu imepinda. Mke wangu anasema ni uzee.

Nani amewahi kupata kitu cha namna hii, na alianzia wapi?

Gia Nne

Weka shu orijino mzee. Hizo za elfu sita ni mbao zimepakwa rangi. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaweka orijino ikapona siku hiyo hiyo.

Karoti wa Soni

Kijana, pea mbili za viwanda tofauti zimenipa mdundo ule ule. Ingekuwa shu, ningetegemea hata mdundo ubadilike kidogo.

Mama Hesabu

Shikamoo kaka. Afadhali wewe unaendesha mwenyewe, unajua lini imeanza. Mimi nina mbili ziko barabarani kwa hesabu, naletewa habari za breki kama naletewa habari za msiba, nusu nusu.

Nina swali moja tu, mengine mafundi watakujibu. Ukifika Mombo ngoma ikiwa ya moto, huwa unaimwagia maji? Nilimkuta kijana wangu anaimwagia kopo zima pale stendi, inafanya chwaaa, moshi unapanda, wenzake wanacheka. Nilimnyang'anya funguo palepale.

Karoti wa Soni

Marahaba. Sina jibu zuri la swali hilo dada. Namwagia. Sote tunamwagia. Kuna hadi mtoto anauza maji ya kazi hiyo.

Fundi Spoku Moro

Mzee wa karoti, salamu kutoka Morogoro. Nimefunga rimu tangu enzi za baiskeli za Kichina, kwa hiyo samahani nikiandika kirefu. Na naomba usinunue kitu kingine chochote mpaka umalize kusoma.

Umeuliza kama ni ugonjwa mmoja au miwili. Ni miwili, lakini nahisi baba yao ni mmoja.

Wanaokuambia mdundo unatokana na alaimenti wamekosea. Gurudumu likikaa upande, pikipiki itavuta, cheni itakula meno ya spoketi upande mmoja, tairi litaisha vibaya. Lakini breki haijui kama gurudumu linaangalia Mombo au Lushoto. Breki ya ngoma inajua kitu kimoja: umbali kati ya shu na chuma cha ngoma. Umbali huo ukiwa sawa mzunguko wote, mguu wako utatulia. Ukiwa mdogo hapa na mkubwa pale, pedeli itapanda na kushuka. Basi.

Sasa, ngoma inapotezaje uduara? Watu wanadhani ni kuliwa tu. Hapana. Habu za pikipiki zetu ni alumini, ndani yake kuna pete nyembamba ya chuma. Spoku 36 zinaivuta habu hiyo kila upande, usiku na mchana. Zikivuta kwa usawa, habu inatulia. Mtu akikaza sana fungu moja na kuacha jingine limelegea, habu inavutwa kama kitambaa cha ngoma ya ngozi kilichokazwa kamba upande mmoja. Inakuwa yai. Hulioni kwa macho, lakini mguu unaliona. Ukichanganya na kuiosha kwa maji ya baridi ikiwa imetoka kushuka mlima, unaisaidia ikae hivyo hivyo.

Fanya hivi. Simamisha kwenye stendi ya kati, gia huru. Chora alama ya chaki kwenye tairi. Zungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia unabonyeza pedeli polepole mpaka shu ianze kugusa tu, isishike. Sikiliza. Utasikia shhh... kimya... shhh. Hesabu shhh ngapi kwa mzunguko mmoja wa chaki.

Ikiwa moja kwa mzunguko, ngoma haiko katikati ya ekseli, au beringi zimekufa. Ikiwa mbili kwa mzunguko, ngoma ni yai. Ikija mara moja kila mizunguko miwili na zaidi, acha breki kabisa, angalia cheni, maana kiungo kimoja cha cheni kinarudi palepale baada ya gurudumu kuzunguka mara mbili na nusu hivi. Gawanya idadi ya viungo kwa meno ya spoketi la nyuma utapata namba yako. Ili usidanganywe, vua cheni kwenye spoketi urudie jaribio.

Halafu chukua spana namba 10, gonga spoku moja moja katikati, taratibu, kama unapiga marimba. Iliyokazwa inalia tiing. Iliyolegea inasema tok. Zile tatu mpya na majirani zao nitashangaa zikilia sauti moja na nyingine. Rudi utuambie.

Na usipulize lile vumbi la breki kwa mdomo. Futa kwa kitambaa kilichoroweshwa. Sote tumelipuliza, ndiyo maana nakohoa.

Gia Nne

Fundi na heshima zote, spoku za upande haziwezi kupinda chuma cha ngoma. Chuma ni chuma.

Fundi Spoku Moro

Mwanangu, si kupinda hadi uone. Nywele chache za kichwa chako zikilala pamoja ndiyo unene tunaouzungumza. Leta gurudumu Moro, nikupimie mbele yako, nilegeze spoku, nikupimie tena. Soda juu yako.

Nduthi Kericho

Hamjambo. Mimi niko Kericho, huku pia ni milima na nduthi, yaani pikipiki, zinabeba majani chai mpaka unashangaa. Fundi amesema ya breki, mimi niongeze ya kuvuta kushoto, kwa sababu ile alama ya ajasta ilinidanganya mwaka mzima.

Alama za swingamu zinakuambia ekseli imekaa wapi, hazikuambii rimu imekaa wapi. Hiyo ni tofauti kubwa. Unaweza kuwa na ekseli iliyonyooka kabisa na rimu imesukumwa upande na spoku.

Tafuta kamba ndefu isiyovutika kama raba, ile ya wajenzi ni nzuri. Iunge nyuma ya tairi la nyuma, uivute mbele pande zote mbili hadi ipite tairi la mbele, juu kidogo ya ardhi mahali isipogusa stendi. Iguse ubavu wa tairi la nyuma sehemu mbili, nyuma na mbele ya tairi hilo. Nyoosha usukani. Sasa angalia nafasi kati ya kamba na tairi la mbele.

Ya mbele ni 2.75 na ya nyuma ni 3.00, sivyo? Kwa hiyo ya mbele ni nyembamba, na lazima ubaki na nafasi ya kama milimita 3 kila upande. Zikiwa sawa, uko sawa. Zisipokuwa sawa, usikimbilie ajasta! Angalia nafasi kwenye ncha ya nyuma ya tairi la mbele, kisha kwenye ncha ya mbele. Ikiwa inakua kadiri unavyoenda mbele, gurudumu la nyuma limegeuka, hapo ni ajasta au swingamu. Ikiwa ni ile ile kote lakini kushoto si sawa na kulia, gurudumu halijageuka, limehama. Hiyo ni spoku, au mtu alisahau bushi ya ekseli (kile kipande cha bomba kinachoshika nafasi), au aliiweka upande usio wake.

Mama Hesabu

Jamani "mtu alisahau bushi" imenikumbusha. Kijana wangu mmoja alinipigia simu akasema, "Mama, fundi anasema busha imekwisha inabidi tununue nyingine." Nilikaa chini kwanza.

Karoti wa Soni

Nimerudi. Leo Jumapili sikushuka, nimeshinda uani na binti ameshika daftari.

Chaki: shhh mbili kwa mzunguko. Nimerudia mara kumi. Moja iko karibu na valvu, nyingine upande wa pili kabisa. Nikavua cheni, zimebaki mbili palepale. Kwa hiyo cheni haihusiki, ingawa kwa kugawanya kwako (viungo 112, meno 42) nimepata 2.67 na nimejifunza kitu.

Spoku: fundi, nilicheka peke yangu. Nilianzia kwenye valvu. Tiing, tiing, ting, halafu zile tatu mpya zikalia kama waya wa simu, kiiing, kali mpaka mbwa akanyanyua sikio. Zilizo jirani upande wa kulia, tok, tok. Moja unaizungusha kwa vidole. Binti aliandika T na K kwenye daftari, ukisoma ukurasa unaona kabisa mahali fundi wa kijiweni alipopiga magoti.

Nikafunga kipande cha waya kwenye swingamu kikikaribia rimu, nikazungusha. Kupanda na kushuka ni kama milimita 2. Kwenda upande kwa upande, milimita 4 na kitu.

Kamba: kulia inagusa tairi la mbele. Kushoto kuna nafasi ya milimita 9, na ni 9 kwenye ncha zote mbili. Kwa maneno ya Mkericho, halijageuka, limehama. Limehamia kushoto milimita 6, upande ule ule zilikokazwa spoku mpya. Bushi za ekseli zote mbili zipo, ndefu kulia na fupi kushoto kama zilivyokuwa.

Nikatoa ekseli nikaiviringisha juu ya kioo cha meza. Inaviringika bila kudunda. Beringi hazina mchezo. Nimeshika tairi nikatikisa swingamu kushoto na kulia, kimya.

Basi swali: nipeleke ngoma ikakerezwe kwanza au nifunge rimu (niseti spoku upya) kwanza? Kuna mkerezaji Korogwe, amesema elfu kumi na tano.

Mkereza

Mimi ndiyo kazi yangu, ingawa si Korogwe. Usimpelekee ngoma kabla rimu haijafungwa. Nakusihi.

Nitakueleza sababu. Tukiikereza ngoma leo ikiwa imevutwa na spoku zako mbovu, tutaifanya duara ikiwa imevutwa. Kesho ukilegeza spoku kuseti rimu, habu itarudi kwenye umbo lake, na duara letu litageuka yai jipya. Utakuwa umelipa elfu kumi na tano kununua ugonjwa. Nimewahi kulaumiwa na mteja kwa jambo hilo hilo, akaapa nimemharibia, kumbe alitoka kwangu akaenda kufungisha spoku.

Funga rimu kwanza. Tembelea siku mbili tatu bila mzigo ili spoku zitulie, kaza tena. Ndipo ulete gurudumu zima, na tairi lake ikiwezekana, tulishike kwenye mashine kwa beringi zake. Uliza kwanza kama mashine yake inaweza kumeza gurudumu la inchi 17. Mashine ndogo haimezi, na mtu atakuambia vua spoku zote nikereze habu tupu. Kataa, chukua gurudumu lako.

Kingine, ndani ya ngoma nyingi kuna maandishi yaliyochongwa ya upana wa mwisho unaoruhusiwa. Kwa kawaida ni milimita 1 tu zaidi ya upana wa upya wake. Apime kabla ya kukata. Ikishafika hapo ni habu mpya, hakuna mjadala, hasa kwa mtu anayeshuka na matenga.

Fundi Spoku Moro

Mkereza amesema yote. Mzee wa karoti, kama una spana ya spoku na una subira, kazi ya kurudisha rimu kulia unaweza kuifanya mwenyewe. Kama una haraka, usiiguse.

Toa upepo kabisa kwanza. Weka tone la mafuta kwenye kila nati ya spoku, acha usiku kucha. Spoku zinazotoka ubavu wa kushoto wa habu zinavuta rimu kushoto, za kulia zinavuta kulia. Wewe unataka kwenda kulia. Kwa hiyo legeza zote za kushoto robo mzunguko, kisha kaza zote za kulia robo mzunguko. ZOTE, si zile unazozichukia tu. Anzia kwenye valvu, maliza kwenye valvu. Pima. Rudia. Ukishafika katikati ndipo unashughulikia kuyumba na kupanda, nusu ya robo, nusu ya robo. Mwisho gonga tena. Hutapata sauti moja kama kinanda, lakini zisiwe zinatukanana.

Milimita 2 upande na milimita 2 juu na chini ndiyo kikomo. Mimi huwa sitoi gurudumu likizidi 1.

Ncha za spoku zikichomoza ndani ya rimu zipige tupa, la sivyo utaziba pancha mpaka Krismasi. Na lile utepe la mpira ndani ya rimu lirudishe.

Ukirudisha gurudumu kuna jambo moja mafundi wa haraka hawalifanyi. Usikaze nati ya ekseli moja kwa moja. Ikaze kwa mkono, zungusha gurudumu, kanyaga pedeli kwa nguvu uishikilie hapo hapo, mtu mwingine akaze nati ukiwa umekanyaga. Shu zinajiweka katikati ya ngoma zenyewe. Kuna midundo midogo inayoondoka kwa hilo tu. Kisha ule mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki isizunguke, boliti yake na pini yake ya kupasua viwepo. Ukichomoka mlimani, sahani inazunguka na gurudumu linafunga. Mambo mengine ya breki huwa nayatania, hilo hapana.

Gia Nne

Mzee mpaka hapo umetumia shingapi? Habu mpya iliyofungwa rimu kabisa naiona dukani.

Karoti wa Soni

Kijana, nimetumia elfu kumi na tano za shu ambazo sikuzihitaji. Hizo ndizo zinaniuma, zingine bado sijatumia.

Karoti wa Soni

Siku tisa baadaye. Kwanza nilisimamisha matenga, mpwa wangu akashusha kwa zamu yake, na mimi nikawa mtu wa spana ya spoku (elfu nne, ya duara, ile yenye matundu sita).

Usiku wa kwanza nilikosea. Nililegeza za kushoto, nikasahau nimeanzia wapi, nikazunguka mara mbili. Rimu likaanza kucheza kama mlevi wa mnazi. Binti akaleta rangi ya kucha ya mama yake, akapaka nati ya kwanza nyekundu. Tangu hapo sikupotea tena. Mama yake hajajua bado, na hamumjui.

Ilichukua jioni mbili. Kamba sasa inasema milimita 3 kushoto na kama 3 na nusu kulia. Kuyumba upande kumebaki chini ya 1. Kupanda na kushuka kumebaki 1 hivi, kuna mahali rimu lenyewe lilibonyea siku ile ya shimo, halitarudi, nimelikubali.

Sasa hili ndilo nililotaka kuwaambia. Kabla sijagusa spoku hata moja nilikuwa nimebeba gurudumu hadi kwa mkerezaji kwa kupima tu, hakunitoza. Kwa venia yake, kile kipimo cha chuma cha kupimia upana, ngoma ilikuwa na tofauti ya milimita 0.45 kati ya upana wa huku na upana wa kule. Baada ya kufunga spoku na kutembelea siku tatu nikarudi kwake. Tofauti ikawa 0.2. Hakuna aliyekata chuma. Ni spoku tu. Gia Nne, soda ya fundi ni juu yako.

Ile 0.2 iliyobaki tulikereza, gurudumu zima na tairi lake, mashine yake inameza. Akaniitia nisogee nione. Kile kisu kilipogusa mara ya kwanza hakikukata mzunguko wote. Kilikata kipande, kikaruka hewani kimya, kikakata kipande cha upande wa pili, kikaruka. Mistari miwili ya chuma kinachong'aa na katikati giza. Nikawa naangalia ule mguu wangu wa kulia ulivyokuwa unasukumwa kwa wiki nne, nauona kwa macho. Akapitisha mara ya pili, ya tatu, na giza likaisha lote. Alipima akasema bado niko chini ya kikomo kilichochongwa ndani, ila nisitegemee kukereza mara nyingine.

Shu za elfu tisa zilikuwa zimeshajichonga kufuata yai, nikazipitisha msasa kidogo. Nimekaza ekseli mpwa akiwa amekanyaga pedeli. Pini ya kupasua ni mpya.

Leo nimeshuka na tenga moja, gia ya pili, breki ya mbele na ya nyuma kwa kugawana. Pale kona za chini kabla ya kufika Mombo nilikanyaga polepole makusudi nikingoja ile pumzi. Haikuja. Mguu umetulia tu, shhh moja ndefu mpaka pikipiki ikasimama. Nikiachia usukani (msinifokee) inaenda mbele.

Mama Hesabu

Hongera kaka. Na yule mtoto wa maji?

Karoti wa Soni

Alikuja na kopo lake. Nimempa mia mbili yake, nikamwambia anawe uso. Ngoma nikaiacha ipoe yenyewe wakati tunapima karoti, dakika ishirini hivi, ndio muda ule ule niliokuwa napigia soga.

Fundi Spoku Moro

Vizuri. Usisahau kugonga tena baada ya wiki. Spoku mpya hunyooka zikishaanza kazi, zitalegea kidogo, hasa zile tatu.

Karoti wa Soni

Nimegonga leo jioni. Mbili kati ya zile tatu zilisema tok. Nimekaza robo robo, nikazungusha na kubonyeza pedeli, hakuna kitu. Kesho natoka na matenga mawili saa kumi alfajiri.